Tausi dume amegeuka mkali, anarukia watoto na kuchubua magari. Tufanyeje?

Mleta mada (Tanga)

Habari za jioni wanajukwaa. Naombeni msaada kwa mwenye uzoefu na tausi, maana nyumbani kwetu hapakaliki tena.

Tunaye tausi dume, wale wa bluu. Mume wangu alimleta akiwa kifaranga, peke yake, akalelewa ndani. Alilala kwenye boksi karibu na jiko, akala mkononi mwa watoto, akawa anamfuata mwanangu kila anakokwenda. Wageni walikuwa wanakuja kupiga naye picha. Sasa amekomaa, yale manyoya marefu yametimia, na tangu hapo hashikiki. Mtu akivuka uwanja kwenda bombani anamjia mbio, shingo ameinyoosha, anaruka na kupiga kwa miguu yote miwili. Dada wa kazi ana jeraha la shimo pajani. Mwanangu mdogo alirukiwa usawa wa uso, ukucha ukapita chini kidogo ya jicho. Gari la shemeji mlango wote umechubuka, kwa sababu ndege anasimama mbele yake na kuupiga bila kuchoka.

Mume wangu hataki kusikia habari ya kumchinja. Mama mkwe anasema kuna kitu kimemwingia. Ninachotaka mimi ni watoto wacheze nje kwa amani. Huu ukali una dawa?

Mchangiaji wa Arusha

Pole dada. Mpigeni fimbo za nguvu siku moja tu, akome. Jogoo wangu alikuwa na tabia hiyo hiyo, alipochapwa akaacha.

Mchangiaji wa Mombasa

Pole mama watoto. Huku kwetu Nyali kuna jirani alikuwa na tausi wawili, kelele zake alfajiri zilitugombanisha mtaa mzima, lakini kumrukia mtu sikuwahi kuona. Nasubiri wajuzi.

Mfugaji wa Morogoro

Pole sana dada, na mpe pole huyo binti. Kwanza kabisa, lile jeraha la shimo msilipuuze. Tausi dume ana mwiba mgumu nyuma ya mguu, kile kikwaru kama cha jogoo, ila cha tausi ni kirefu na anakanyagia kinyesi nacho kutwa nzima. Jeraha la kuchomwa huonekana dogo juu huku uchafu umezama ndani. Lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, kisha aende kituo cha afya aulizie sindano ya pepopunda. Na huyo mtoto, kama mkwaruzo uko karibu na jicho, mpelekeni akaangaliwe hata kama anasema haumi.

Sasa tuje kwa ndege. Ndugu yangu wa Arusha, naheshimu mchango wako, ila fimbo kwa tausi itaharibu zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Kwao India na Sri Lanka, msimu wa kupandana ukifika, kila tausi dume aliyekomaa hujichagulia kipande chake cha ardhi. Hapo ndipo anapotandaza manyoya na kulia, na dume mwingine akisogea hufukuzwa. Majike hupita, hutazama, huchagua, hupandwa, kisha huenda zao. Kuatamia mayai kwa siku 28 na kulea vifaranga ni kazi ya jike peke yake. Kwa hiyo dume hana kiota cha kulinda wala watoto wa kulinda. Anacholinda kwa roho yake yote ni kile kipande cha ardhi, na adui wake ni dume mwenzake.

Dada, wewe umesema mwenyewe alikulia jikoni, peke yake, mkononi mwa watoto. Kifaranga cha tausi hujifunza mapema sana yeye ni wa jamii gani kwa kumtazama aliye naye. Huyu wenu hajawahi kuona tausi mwingine, kwa hiyo moyoni mwake ninyi ndio tausi wenzake. Alipokuwa mdogo ikawa mapenzi, anawafuata kila mahali. Amefika umri wa miaka mitatu hivi, umri ambao dume hukomaa na manyoya kutimia, na mtu anayepita uwanjani kwake amekuwa dume mwenzake anayemvamia. Ndiyo maana mara nyingi tausi mkali ni yule aliyelelewa kwa mkono. Tausi aliyekulia kundini humkimbia mtu, anabaki na hofu yake ya asili, na ugomvi wake anaumalizia kwa tausi wenzake.

Ukimpiga fimbo unafanya kile hasa ambacho dume mpinzani angefanya, unaukubali ugomvi. Atakuwa anamkwepa baba mwenye fimbo huku akizidi kuwarukia watoto, kwa sababu amejua nani anashindika. Jogoo unaweza kumfokea akaelewa. Huyu ana kilo nne mpaka sita, anaruka juu ya kichwa cha mtu mzima, na anaweza kuishi miaka 15 hadi 20. Huwezi kushinda kwa kumpiga kila siku kwa miaka yote hiyo, na hata ukiweza, ni ukatili kwa kiumbe ambaye mlimfundisha ninyi wenyewe kwamba ni mwenzenu.

Habari ya gari ni hiyo hiyo. Rangi ya gari ikiwa safi na ya giza inampa sura yake mwenyewe, naye anaona dume limesimama kwenye eneo lake, likimtazama bila kukimbia. Kadiri anavyolipiga, nalo linampiga. Funikeni gari kwa turubai, au lipaki nje ya uzio. Vioo vya madirisha vilivyo chini vibandikeni magazeti kwa nje, au vipakeni sabuni ikauke, vififie. Mambo ya namna hiyo yanapunguza hasira yake kuliko watu wanavyodhani, maana ndege anayeshinda kutwa akipigana na kivuli chake anakuwa amechemka tayari mtoto anapotokea.

Mleta mada

Asante sana kaka yangu, nimesoma mara mbili na mume wangu nimemsomea. Kanyamaza. Binti tumempeleka, amechomwa sindano. Mtoto jicho ni zima, alhamdulillah. Naomba uendelee, tufanye nini kuanzia kesho? Na dada wa kazi anauliza kama anaweza kupata kichaa cha mbwa.

Daktari wa mifugo (mchangiaji)

Kuhusu kichaa cha mbwa mtoe hofu binti. Huo ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha: mbwa, paka, popo, mbweha na wengineo. Hatari ya jeraha la ndege ni pepopunda na vijidudu vya usaha, na mmeshachukua hatua. Akiona pamevimba, panapiga moto au ana homa, arudi hospitali haraka.

Naongeza jambo moja. Ndege ambaye alikuwa mtulivu kwa miaka mingi akabadilika ghafla nje ya msimu apimwe, maana maumivu nayo huleta ukali. Ila maelezo ya mleta mada yanaonyesha dume aliyekomaa aliyelelewa na watu, nakubaliana na mfugaji wa Morogoro.

Mfugaji wa Morogoro

Kuanzia kesho, dada, watoto na huyo ndege wasikutane uwanja mmoja. Hilo halina mjadala. Mtoto wa kimo kile macho yake yako sawasawa na miguu ya tausi anaporuka. Msiseme tutamwangalia, kwa sababu anavuka uwanja kabla hujainuka kwenye mkeka.

Mkamateni usiku. Tausi haoni vizuri gizani, akishapanda kulala anatulia. Mtu mzima mmoja mwenye kanga nzito au shuka amfunike mwili mzima pamoja na kichwa, ayakumbatie mabawa yabane ubavuni, mkono mwingine ushike miguu yote miwili pamoja juu ya vifundo, ikitazama mbali na uso na tumbo la mshikaji. Kichwa kikiwa gizani anapoa. Asishikwe mkia hata kidogo, manyoya yatachomoka yote mkononi na yeye ataponyoka. Na msimkimbize juani saa sita mchana, anaweza kufa kwa joto na hofu.

Mahali pa kumweka ndipo palipo na kazi. Wengi humfungia dume mkali kwenye banda la kuku, akakaa hapo amejikunja manyoya yamevunjika, kisha wanashangaa anazidi kuwa mkali. Manyoya yale yana urefu wa mita moja na nusu, na akiyatandaza anahitaji zaidi ya mita mbili za upana ili ageuke. Ningejenga banda la mita 3 kwa 6 au zaidi, kimo ambacho mtu mrefu anaingia bila kuinama, wavu mpaka juu kwa sababu anaruka vizuri sana. Weka mti mnene wa kulalia, juu kadiri inavyowezekana, na nyuma yake nafasi ya mkia kuning'inia. Sehemu moja iwe na paa la kuzuia mvua na jua. Upande unaotazamana na njia ya watu uzibeni kwa makuti au mabati kwa kimo cha mita moja hivi kutoka chini, asione miguu inayopita kutwa. Mlango uwe mara mbili, ukiingia unafunga wa nje kabla ya kufungua wa ndani.

Chakula na maji viwekwe mahali ambapo mnaweza kuvijaza kutokea nje. Kadiri mnavyopunguza kuingia, ndivyo mnavyopunguza sababu ya kupigana.

Lakini kuna siku lazima uingie. Siku hiyo ingia na kitu kipana mkononi: mfuniko wa pipa, beseni kubwa, au kipande cha plaiwudi chenye mshikio. Akija, kishikeni kati yenu na yeye, miguu ipige pale. Usigeuze mgongo. Usikimbie, maana ukikimbia ameshinda na kesho atakuja kwa kasi zaidi. Usirudi nyuma, usimpige, usipige kelele. Sogea mbele taratibu na ngao yako mpaka yeye ndiye apishe njia, kisha endelea na kazi yako kana kwamba hayupo. Vaa buti na suruali ngumu. Miwani ya kujikinga, ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma yenye kioo cheupe, si anasa kwa kazi hii.

Na yule aliyekuwa anamlisha mkononi aache. Najua inauma, hasa kwa mtoto aliyemlea. Lakini kila punje anayoipokea mkononi inamkumbusha kwamba ninyi ni jamii yake.

Mchangiaji wa Dodoma

Mimi nilianza kuwapenda tausi mwaka 2020, Hayati Magufuli alipowapa marais wastaafu tausi wa Ikulu. Swali langu: mbona wale wa kwenye bustani kubwa tunawaona wanatembea wametulia tu? Na je, mleta mada akimtafutia jike atatulia?

Mfugaji wa Morogoro

Mkuu, wale wa bustani kubwa wako wengi pamoja. Kila dume anawajua wenzake, ana pa kutamba na pa kukimbilia akishindwa. Mtu kwao ni kiumbe kingine tu kinachopita. Hiyo ndiyo tofauti yote.

Kuhusu jike, jibu langu ni ndiyo lakini kwa tahadhari. Dume mmoja huwekwa na majike watatu mpaka watano, kwa sababu jike mmoja peke yake na dume mkali atasumbuliwa mpaka aumie. Na huyu wa Tanga hajawahi kumwona tausi mwenzake, kwa hiyo anaweza kuwashambulia majike pia mwanzoni. Awekewe majike banda la pembeni, katikati wavu, waonane na kusikiana kwa wiki kadhaa. Akianza kuwatandazia manyoya badala ya kurukia wavu, mnaweza kuwachanganya asubuhi moja mkiwa mnatazama, na ndani ya banda muweke matawi na maboksi ya jike kujifichia. Wapo madume waliolelewa na watu ambao walipopata wenzao walipoa sana kwa watu. Wapo pia ambao hawakupoa kamwe. Simwahidi dada muujiza.

Mchangiaji wa Arusha

Nimekuelewa mkuu kuhusu fimbo, nafuta ushauri wangu. Sasa kwa nini asihasiwe kama mbuzi? Au akatwe hivyo vikwaru na mabawa, mambo yaishe?

Daktari wa mifugo (mchangiaji)

Mbuzi korodani ziko nje, ndege ziko ndani kabisa ya mwili, zimegandamana na figo na mishipa mikubwa ya damu. Kumhasi tausi ni upasuaji mzito, na ndege hufa kirahisi kwenye dawa ya usingizi. Asije mtu akajaribu na wembe. Kule Florida nchini Marekani, kijiji cha Pinecrest karibu na Miami kilichoka na tausi wanaochubua magari na kulia usiku, kikaamua madume wafungwe uzazi na daktari. Lakini hapo unakatwa mrija tu, homoni zinabaki pale pale, na dume anaendelea kuwa dume. Lengo lao lilikuwa kupunguza idadi, na ukali ni suala lingine.

Kikwaru kina mfupa na damu katikati. Ncha peke yake inaweza kupunguzwa na kusuguliwa iwe butu, afanye mtu anayejua, na itaota tena baada ya muda. Inapunguza ukubwa wa jeraha, kurusha miguu kutabaki. Kukata manyoya ya bawa moja kunamzuia kuruka uzio mpaka atakapoota mengine. Hakumtoi hasira, na mbwa wa mtaani akiingia hataweza kupanda juu kujiokoa.

Tausi hao msiwaweke na kuku, wala sehemu kuku walipokuwa wanakaa. Kuku huwa na minyoo ambayo mayai yake hubeba kijidudu kinachoharibu ini na utumbo wa tausi na bata mzinga. Kuku mwenyewe unaweza kumwona mzima kabisa, tausi akaharisha kinyesi cha njano na kufa. Chanjo ya kideri wapate kama kuku wengine, na minyoo itibiwe kwa ratiba ya daktari wa eneo lenu.

Mchangiaji wa Mombasa

Hivi msimu wenyewe ukipita hapoi? Yule wa jirani kuna miezi alikuwa kimya kabisa.

Mfugaji wa Morogoro

Ndiyo, ndugu yangu, umeona vizuri. Kupandana kukiisha dume hupukutisha yale manyoya marefu yote, na kipindi hicho hupoa, hulia kidogo, wengine hujificha kabisa. Kwao India msimu unaendana na mvua za monsuni. Huku kwetu kila mfugaji aandike miezi ya ndege wake, maana hali ya hewa ya Tanga na ya Iringa si moja. Kipindi cha utulivu ndicho cha kujenga banda, kukarabati wavu na kuleta majike. Hatari ni watu kuona amepoa wakasema amepona, wakamfungulia. Manyoya yakirudi, naye anarudi.

Nimwombe pia dada jambo moja. Najua ndugu wataanza kusema mpeni fulani, muuzieni fulani. Kumpa mtu mwingine inawezekana, na kama ana eneo kubwa na kundi la tausi, huenda ikawa heri kwa ndege mwenyewe. Lakini mwambieni wazi kwamba anarukia watu, na msimpe mwenye watoto wadogo. Tausi dume mwenye mkia kamili anavutia macho, mnunuzi atashangilia rangi na hatauliza tabia. Mtoto wa mtu mwingine naye ana macho. Na kabla ya kumhamisha au kuongeza wengine, pitieni kwa afisa wanyamapori wa wilaya muulize habari ya kibali, msije mkaingia matatani kwa nia njema.

Mleta mada

Wapendwa, narudi na mrejesho. Mume wangu amekubali. Tausi alikamatwa usiku na shuka kama kaka alivyoelekeza, hakuna aliyeumia wala unyoya kuchomoka. Kwa sasa yuko kwenye stoo kubwa ya nyuma tuliyoitoa vitu na kufunga wavu dirishani, fundi anachimba nguzo za banda. Gari limefunikwa. Kilichotushangaza ni kwamba dirisha la chumba cha watoto nalo lilikuwa na alama za miguu chini, kumbe alikuwa anapigana na kioo na sisi tulidhani ni paka usiku. Watoto wamecheza nje leo. Mwanangu mkubwa, yule aliyemlea, analia, anataka kwenda kumsalimia. Nimwambieje?

Na tukipata majike yakataga, tuvilee vipi vifaranga ili haya yasijirudie?

Mfugaji wa Morogoro

Mashallah dada, hongereni. Stoo isiwe zaidi ya muda mfupi, ipate hewa na mwanga.

Mwanao mwambie ukweli, mtoto aliyelea ndege anastahili kuambiwa. Mwambie hakufanya kosa lolote, ndege amekua na sasa anahitaji tausi wenzake. Mpe kazi ya kweli kwenye banda jipya: akusanye manyoya yaliyodondoka, achague mti wa kulalia, aandike siku anayolia na siku aliyonyamaza. Atamtazama kutoka nje ya wavu, hatamlisha mkononi.

Kuhusu vifaranga, bora jike aachwe aatamie na kulea mwenyewe. Jike hutaga mayai manne mpaka manane, na akiwa na utulivu ni mama mzuri. Mkilazimika kutumia mashine, vitotolewe vingi kwa pamoja, visiwe kimoja, vikae pamoja muda wote, na mwenye kulisha aweke chakula na kuondoka. Vikipata nguvu viwekwe mahali ambapo vinawaona tausi wakubwa kila siku. Msivibebe, msivipe majina ya kuitikia, msiviingize ndani hata mvua ikinyesha, vijengeeni kibanda chenye taa ya joto. Na atakayekuja kuomba kifaranga kimoja cha kupamba uwanja, msimpe kimoja.

Mleta mada

Hatutatoa kimoja, kaka. Kesho naenda wilayani kuulizia kibali, nikirudi naweka majibu hapa hapa kwenye uzi.